Boksi la kuinua Hilux Vigo kwa inchi 2: majani mazuri, yubolti za kutupa

Ukifika Kisekka, soko la vipuri pale Kampala, ukasema una pikapu ya Toyota Hilux Vigo na unataka isimame juu kidogo, maboksi utakayooneshwa yanafanana: koili mbili za mbele, mafungu mawili ya springi za majani kwa nyuma, shokapu nne, yubolti nne (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) na nati zake nane, na mfuko wa bushi za plastiki ngumu (vipete vinavyokaa kwenye macho ya springi). Juu pameandikwa inchi 2, yaani sentimita 5, na pembeni kilo 300. Jina la mtengenezaji hubadilika kila shehena, kwa hiyo tathmini hii ni ya boksi lenyewe la aina hiyo, kwenye Hilux ya kizazi cha 2004 hadi 2015, dabo kebini (yenye safu mbili za viti) inayovuta magurudumu yote manne, kazi ikifanyika nyumbani.

Hukumu kwanza. Majani ya nyuma yanastahili pesa. Shokapu ni za wastani. Yubolti zilizomo usizifunge kwenye gari la mtu unayempenda.

Tuanze na hizo kilo 300, maana ndizo zinazowapoteza wanunuzi wengi. Si uzito wa juu ambao gari litaweza kubeba. Ni mzigo unaotarajiwa kukaa nyuma muda wote: kanopi ya chuma, sanduku la vifaa, mikebe ya maziwa, matooke ya kila siku. Anayebeba hivyo atapata sentimita 5 zake na gari litatulia. Anayetembea na karai (sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo) tupu kutoka Ntinda kwenda mjini atapata nyuma iliyonyanyuka kama mende anayechungulia. Na akiingia kwenye barabara ya marumu yenye matuta madogo ya mfululizo, ekseli ya nyuma itaruka badala ya kufuata ardhi. Wakati wa mvua mruko huo ndio unaozungusha gari kwenye kona. Kampuni kama Old Man Emu ya Australia huuza springi kwa madaraja ya mzigo, ukachagua linalokufaa. Boksi hili lina daraja moja tu. Kama karai lako huwa tupu siku nyingi, liache dukani. Tena springi ngumu haziongezi uzito unaoruhusiwa: breki, ekseli na chesisi zimebaki zile zile.

Kabla ya kulipa, toa mafungu mawili ya nyuma na uyasimamishe mgongo kwa mgongo sakafuni. Mkunjo ukitofautiana waziwazi, dai mengine, la sivyo gari litalala upande. Rangi nzito isikudanganye. Angalia vikuku vinavyobana majani na kichwa cha bolti ya katikati. Kichwa hicho kinapaswa kuingia kwenye tundu la kiti cha ekseli bila kulegalega. Ukienda na kipimo cha tundu hilo utaepuka safari ya pili.

Yubolti sasa. Nati zake hazina namba ya ugumu juu yake, na dalili mbaya hujitokeza wakati wa kukaza: spana inaendelea kuzunguka bila mkono kuhisi ugumu ukiongezeka. Hapo chuma kinavutika. Yubolti ikilegea, fungu la springi huanza kucheza juu ya ekseli, nguvu zote zinaishia kwenye bolti ya katikati, nayo hukatika. Ekseli ikirudi nyuma upande mmoja, gari linatembea ubavu kama kaa. Mafundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma pale Kampala, watakukunjia yubolti ukiwa umesimama hapo hapo, na mkono wao ni safi. Shida ni chuma, kwa sababu kile cha kutengenezea mageti ni laini mno kwa kazi hii. Nunua mpya zenye nati za daraja la 8 au 10. Za zamani usizirudishe, zimeshavutika mara moja.

Kazi ya nyuma inawezekana uani, mradi sakafu ni ya zege. Jioni ya kuamkia kazi, nyunyizia nati zote mafuta ya kulainisha kutu. Asubuhi pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, uandike. Zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma, weka stendi chini ya chesisi, na jeki ibaki chini ya ekseli. Fanya upande mmoja hadi umalize ndipo uhamie mwingine. Ukifungua pande zote mbili, ekseli itahama na utashinda ukiisukuma.

Fungua shokapu kwa chini, kisha yubolti, ushushe ekseli polepole. Macho yako yawe kwenye vitu vitatu: hozi ya breki inayotoka kwenye chesisi, kebo za hendibreki, na kipira cha kupumulia cha difu (gia za katikati ya ekseli). Chochote kikivutika, simama. Pini ya mbele ya springi ndiyo hukaidi zaidi kwa sababu kutu hushika kati ya pini na bushi. Moto unasaidia, lakini si karibu na hozi ya breki wala tangi la mafuta.

Unapofunga springi mpya, pake bushi grisi ya silikoni, maana grisi ya kawaida haidumu kwenye plastiki ile na baada ya wiki chache gari litalia kama kitanda cha chuma. Nati za yubolti zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, hadi kipimo cha kitabu cha gari. Pini za springi ziache zimeshikwa tu. Ukaze mwisho magurudumu yakiwa yameshika ardhi na gari limekaa kwa uzito wake. Ukibakiza bushi za mpira za zamani ukazikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umesokotwa daima na hupasuka mapema.

Boksi halina kitu cha kusaidia vali ya breki ya nyuma inayopima mzigo, na hilo ni kosa kubwa. Kwenye Vigo zenye vali hiyo, fimbo yake huunganisha ekseli na chesisi: karai likishuka kwa mzigo, vali huruhusu nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiinua chesisi sentimita 5, vali hudhani gari ni tupu hata ukiwa na magunia. Breki za mbele hufanya karibu kazi yote na gari huchelewa kusimama. Tiba ni kipande cha bamba kinachorudisha fimbo kwenye pembe yake ya awali. Hapa sasa fundi wa Katwe anafaa, kwa kuwa hakibebi uzito.

Mtetemo wakati wa kuondoka gia ya kwanza nao hutokea, kwa sababu propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) ya dabo kebini ni ya vipande viwili na pembe yake imebadilika. Mara nyingi vipete vya chuma vinene (washa) vinavyoshusha kidogo kishikio cha beringi ya katikati ya propela humaliza tatizo.

Mbele? Usifanye nyumbani. Koili iko juu ya shokapu, na kuibana kwa vibanio vya skrubu vya bei rahisi ni kucheza na chuma kinachoweza kuruka na kuvunja uso. Fungua mguu mzima (shokapu pamoja na koili yake) kwenye gari ukitaka kuokoa gharama, upeleke gereji yenye mashine ya kubania, kisha uurudishe mwenyewe. Baadaye alaimenti ni lazima, kwa kuwa kuinua mbele hubadilisha pembe za magurudumu: usukani hutangatanga na tairi huliwa upande mmoja. Usizidishe hizo sentimita 5, maana viungo vya shafti za mbele huanza kufanya kazi kwa pembe kali na vifuko vyake vya mpira hupasuka.

Taa husahaulika. Simama kwenye ardhi tambarare mita 10 kutoka ukutani: ukingo wa juu wa mwanga wa chini uwe kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe. Usiporekebisha, anayekuja mbele yako usiku barabara ya Masaka hataona kitu.

Springi mpya hukaa chini kidogo kadiri zinavyotumika, hivyo pima tena kimo baada ya kilomita 500 ulinganishe na ulichoandika. Siku hiyo hiyo ingia chini ya gari na spana. Nati za yubolti zitakubali kuzunguka kidogo tena, hata zile nzuri.