TAHADHARI: kishoka (tapeli anayejifanya wakili) anayeuza "dhamana" kwa ndugu wa washtakiwa wa kesi za unga

Ndugu zangu, tumepigwa, na sitaki mwingine apigwe.

Binamu yangu alifikishwa mahakamani kwa shtaka la kusafirisha dawa za kulevya. Tukiwa tumeduwaa koridoni, akatujia jamaa wa makamo, suti nyeusi, faili kwapani, anaamkiana na askari kama watu wa nyumba moja. Akamwita mama yangu "shangazi", akasema hakimu ni mtu wake, dhamana itatoka kabla ya Ijumaa. Alichukua hela mara mbili: ya "kufungua faili", kisha ya "kumwona mkemia" ili ripoti ya maabara ibadilike. Hiyo ya pili ni rushwa kweupe na tulitoa. Aibu yetu.

Siku ya tatu akaleta hati ya dhamana yenye muhuri. Nikaupapasa, wino ukabaki kidoleni. Karani wa masjala akafungua rejista, akaitazama namba ya kesi, akanitazama mimi: kesi ya talaka! Tangu hapo jamaa hapokei simu.

Wakili wa kweli tuliyempata baadaye aliuliza kwanza uzito wa dawa ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka. Kishoka hakuwahi hata kuomba kuiona. Kumbe Tanzania, kifungu cha 29 cha Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 kinazuia dhamana uzito ukifika kiwango fulani. Anayekuuzia dhamana hapo anakuuzia hewa. Kenya, ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya dhamana isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima. Katika nchi zote mbili, ombi la dhamana mahakamani husikilizwa mbele ya hakimu au jaji, hela ya dhamana inayolipwa hapo inatolewa risiti ya mahakama, na mshtakiwa asipotoroka, hela hiyo hurudishwa.

Wakili sasa anakagua nani alikamata mzigo, nani aliufunga kwa lakiri, ulilala wapi kabla ya kufika maabara, na kama kila aliyeupokea alisaini. Kazi ya polepole. Haiishi Ijumaa.

Kabla hujatoa senti, omba jina kamili la wakili ulitafute kwenye orodha ya mawakili walioidhinishwa. Polisi tumeshatoa taarifa, lakini juzi nilimwona tena koridoni, faili lile lile kwapani, amemwinamia bibi mmoja anayelia.