Swichi nyekundu au bluu kwa kibodi ya kwanza?

Katika kibodi ya mekanika, kila kitufe kina swichi yake chini, na Cherry MX ni chapa ya swichi hizo. Ya bluu inalia. Ukibonyeza, kidole kinakutana na kikwazo kidogo, "ta!", herufi imeingia, huna haja ya kukandamiza hadi chini. Inadai nguvu ya gramu 60 hivi. Kwa anayechapa kazi za wanafunzi mchana kutwa katika kibanda cha Birere, mtaa wa Goma, mimi ningesema bluu, na wateja wavumilie.

Nyekundu inateremka moja kwa moja, gramu 45 hivi, bila mlio huo. Kidole kikiegemea tu, umeandika. Wacheza gemu wanaipenda. Lakini nyumba nyingi za Goma ni za mbao: ukichapa usiku, bluu itaamsha hadi jirani. Hapo chukua nyekundu. (Vitufe viwe vya AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, tafadhali.)