Mkeka wa joto na manjano yangu ya Leeds: uzoefu wa misimu miwili

Mkeka huu nimeutumia misimu miwili kamili, kwa hiyo naandika nikiwa nimeshaona uzuri wake na upungufu wake. Ni ule mkeka mwembamba wa plastiki wenye nyaya ndani, unachomekwa kwenye umeme na kulazwa chini ya trei ya miche. Wangu una upana wa sentimita 25 na urefu wa 50, nguvu yake wati 20, na niliununua pamoja na themostati, yaani kifaa kinachopima joto na kuwasha au kuzima umeme, kwa pauni 35 hivi.

Nimekulia Unguja, upande wa Kizimbani. Kule manjano yanafukiwa mvua za masika zikianza, na hakuna anayeyahangaikia mpaka majani yanyauke. Nilipohamia Leeds, Uingereza, nilidhani dirisha linalopata jua litanitosha. Mwezi wa tatu nikafukia vipande vitano, nikawa namwagilia kila nikiona udongo umekauka juu. Mpaka katikati ya mwezi wa tano sikuona hata ncha. Nilipofukua, vinne vilikuwa vimeoza vikawa uji, na cha tano kigumu lakini hakina dalili ya uhai. Iliniuma sana.

Nikampigia mama. Hakuniuliza habari za mbolea wala jua. Aliniuliza, "Huo udongo una joto, mwanangu?" Nikachomeka kipimajoto ndani ya chungu usiku ule: nyuzi 14. Chumba kilikuwa na nyuzi 20, mimi nimekaa na fulana tu, nikaamini na tunguu, yaani kile kipande cha manjano nilichofukia, linahisi kama ninavyohisi mimi. Kumbe penye kioo cha dirisha usiku panapoa mno, na udongo wenye maji unapoa zaidi.

Hapo ndipo penye siri yote. Tunguu la manjano linaamka vizuri udongo ukiwa na nyuzi kati ya 25 na 30. Chini ya hapo linalala, na likilala kwenye unyevu linaoza. Mwanga hauna kazi hatua hiyo. Waweza hata kuweka trei kabatini.

Msimu uliofuata nikaanza mapema, tarehe 2 Februari, maana manjano yanataka miezi 8 hadi 10 ardhini na huku majira ya joto ni mafupi. Vipande nilinunua duka la Wahindi, nikachagua vilivyonona na vyenye macho yaliyoanza kuvimba. Nikavifukia kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa, yale yanayouzwa yameshindiliwa kama tofali. Nilipoyaloweka na kuyashika mkononi niliwakumbuka kina mama wa Jambiani wanaofukia makumbi pwani ili wasokote kamba. Nilinyunyiza maji kidogo tu, basi.

Wiki ya kwanza nilikosea. Kile kichwa cha themostati kinachopima joto nilikibandika juu ya mkeka wenyewe. Kikasoma 28 na kuuzima umeme, kumbe katikati ya trei udongo una nyuzi 22. Kichwa hicho kichomeke ndani ya udongo, usawa wa tunguu. Nilipofanya hivyo joto likatulia kwenye 27 mpaka 28, usiku na mchana. Siku ya 33 nikaona ncha ya kwanza, nyeupe yenye wekundu kwa mbali, na kufikia siku ya 46 vipande vinne kati ya vitano vilikuwa vimechipua. Nilimpigia mama picha nikamtumia kabla sijanywa chai.

Umeme usikutishe. Wati 20 kwa saa 24 haifiki nusu uniti. Hata kama mkeka ungewaka mfululizo siku zote 46, ni kama uniti 22, na kwa bei ninayolipa mimi haifiki pauni 6. Themostati inapunguza zaidi.

Sasa upungufu. Mkeka unakausha udongo kutokea chini, juu unaona unyevu na chini pakavu kabisa. Ingiza kidole kila baada ya siku tatu. Waya wake ni mfupi, imenibidi nihamishie trei kwenye kona ya jiko. Lakini kubwa zaidi ni hili: kwenye boksi wameandika kwamba unafaa msimu mzima, na hilo mimi nalikataa. Mwezi wa tano nilihamishia miche kwenye vyungu vya lita 20. Oktoba baridi iliporudi nikaweka mkeka chini ya chungu ili matunguu yaendelee kunenepa, na udongo haukupita nyuzi 17. Kwa chungu kikubwa mkeka huu ni mdogo. Unanunua kitu cha kuotesha, si cha kulelea.

Ulezi wenyewe ulikuwa juu yangu: nje penye kinga ya upepo kuanzia katikati ya Juni, ndani tena Septemba kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10. Redieta, vile vyuma vya ukutani vya kupasha nyumba joto, zilipowashwa hewa ikakauka, na utitiri ukavamia majani. Niliyaosha kwa maji kila Jumamosi, juu na chini ya jani.

Katikati ya Desemba majani yalikuwa yamegeuka njano. Vipande nilivyopanda vilikuwa na gramu 150. Nilivuna gramu 780. Nilipokata cha kwanza, ile rangi na ile harufu ya udongo mbichi ilijaza jiko zima, na jioni hiyo tulikula urojo wa manjano mabichi, ya kukunwa.

Ningeununua tena? Ndiyo, lakini wenye themostati tu. Usio nayo sikushauri hata kwa nusu bei. Msimu huu wa pili vipande vyote sita vimeota. Vidole vinene vya manjano nimeshavitenga kwa Februari, na mkeka nimeulaza chini ya kitanda, maana ukiukunja nyaya zinakatika.