Land Rover ya babu imeacha kutetemeka, huyu fundi wa Chikongola, Mtwara, anajua kazi

Jamani nina Land Rover Series III ya marehemu babu, ikifika 60 kwa saa inatetemeka mpaka vioo vinalia, gereji ya kwanza wakanibalansia matairi mara mbili, hela ikaenda na tatizo likabaki palepale. Huyu wa Chikongola kwanza kaiendesha mwenyewe kuelekea Mikindani, spidi ileile akatia nyutro (gia huru, injini haisukumi magurudumu), bado inatetemeka, akasema basi injini siyo, tuangalie chini. Kumbe propela (shafti ya chini inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye ekseli) ilifungwa vibaya, krosi, yaani viungo vya ncha zake, ya mbele na ya nyuma hazijakaa usawa mmoja, na moja imeisha kabisa! Kabadilisha, kaipanga upya, nimeenda Lindi na kurudi imetulia tuli. Ila foleni ndefu, wahi asubuhi.