Redieta ya hita kwa pikapu ya zamani: ya kununua na ya kuiacha dukani

Mkazi wa Kisumu anaweza kuendesha pikapu miaka ishirini bila kuigusa swichi ya hita. Anayepakia viazi Molo alfajiri na kuvuka Timboroa, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,700, hawezi, kwa kuwa hita ndiyo inayokifungulia kioo cha mbele ukungu ukitanda. Asubuhi moja ya Julai, karibu na Mau Summit, kioo changu kilijaa ukungu, nikaupangusa kwa mkono wa sweta, na badala ya kutakata kikabaki na utando wa kunata, wenye harufu tamu kama sharubati iliyoungua. Zulia la upande wa abiria lilikuwa chepechepe. Dalili hizo tatu zikikutana, redieta ndogo ya hita iliyofichwa ndani ya dashibodi imetoboka, na kinachokupulizia usoni ni mvuke wa kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini.

Kabla ya kulinganisha bei, mwulize fundi jinsi kifaa hicho kinavyotolewa katika modeli yako. Katika pikapu nyingine inatosha kutoa droo iliyo mbele ya abiria na skrubu chache. Katika nyingine dashibodi nzima hung'olewa, na ujira wa kazi hiyo unaweza kuipita bei ya redieta yenyewe. Kwa sababu hiyo nimezipanga njia tano zilizopo kwa kuangalia ni ipi itakayokaa muda mrefu zaidi kabla fundi hajalazimika kuifungua dashibodi tena.

Ya kwanza ni mpya ya shaba, endapo bado inapatikana kwa gari lako. Ni nzito mkononi, na ukiukwaruza mdomo wa bomba lake kwa ufunguo utaona rangi ya manjano. Inavumilia mtikisiko wa barabara za shambani, na ikivuja baadaye fundi wa kulehemu anaweza kuiziba.

Ya pili ni mpya ya alumini, ambayo kwa modeli nyingi ndiyo utakayoonyeshwa kwanza. Ni nyepesi na inapasha joto vizuri, ila hufa mapema kwa mwenye mazoea ya kujazia maji ya kisima, kwani alumini huliwa kutoka ndani pasipo kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu. Ukiichagua, nunua kulanti siku hiyo hiyo na uichanganye nusu kwa nusu na maji ya betri, yaani yale safi yasiyo na asidi. Muuzaji akikwambia redieta zote zinaingiana, usimsadiki: nenda na ile ya zamani, uzilaze sambamba kaunta, upime unene wa kiini, upana wa mabomba na upande yanakotokea. Tofauti ya sentimita moja inatosha kuzuia sanduku la hita lisifunge.

Ya tatu ni iliyotumika, ya kutoka Japani. Kutoshea inatoshea, kwa kuwa ni ya gari lenyewe, lakini umri wake unaweza kuwa sawa na wa ile unayoitupa. Itazame kwenye maungio: unga mweupe au wa kijani ni alama ya mvujo wa zamani, na mapezi, yaani vibati vyembamba vya katikati, yanayopukutika kwa ukucha yamekwisha. Kisha omba beseni la maji, ziba bomba moja kwa kidole gumba, tia upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli kupitia jingine, uangalie mapovu. Muuzaji anayekataa beseni amekwisha kukujibu.

Njia ya nne ni kuilehemu ya zamani, ingawa ikiwa ni ya shaba na imepasuka shingoni tu, pale bomba linapounganika na tangi, ningeipandisha njia hii hadi nafasi ya pili. Tundu likiwa katikati ya vibomba, jirani zake nao wamekonda. Unga wa manjano, yai au dawa ya kuziba inayomiminwa ndani ya redieta ni hila ya kukufikisha nyumbani. Njia za redieta ya hita ni nyembamba, nazo ndizo huziba mapema.

Ya mwisho ni kuiruka hita, yaani kuunganisha mpira unaoingia na unaotoka ili maji yarudi injini moja kwa moja. Kwa pikapu isiyotoka Kisumu na Ahero sioni aibu yoyote. Mwombe fundi aiunganishe mipira hiyo pamoja, asiizibe kila mmoja peke yake, kwa sababu katika injini nyingine mzunguko huo ndio unaoipelekea thamostati, yaani vali inayodhibiti joto la injini, maji ya moto.

Dashibodi ikiwa wazi, badilisha mipira yote miwili, klipu zake, na sponji inayoizunguka redieta, maana sponji ikikosekana hewa hupita kando na hita hubaki vuguvugu. Kulanti ya zamani usiimwage uani: utamu wake huwavuta mbwa, nayo ni sumu. Wakati wa kujaza, elekeza pua ya gari mlimani, fungua hita hadi mwisho, na uiache injini iliyokuwa baridi ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yakome.