Waya zangu zimerudi zimepasuka, halafu nikaambiwa masikio yangu ndiyo mabovu

Nimekaa na hasira hii tangu kabla ya Ramadhani, leo naitoa.

Mimi ni seremala, naishi Uingereza. Kuna karakana huku inagandisha vyuma kwa nitrojeni ya kimiminika ili viwe vigumu zaidi: wanavishusha taratibu hadi karibu nyuzi 190 chini ya sifuri, wanaviacha humo siku nzima, kisha wanavipandisha polepole. Niliwapelekea visu vya mashine yangu ya randa. Kijana wa kaunta, baada ya kusikia napenda santuri za taarab, akanishika: niletee na waya za spika, sauti itafunguka. Nami nikampa waya alizoniachia marehemu kaka yangu. Hilo sijisamehi.

Ziliporudi nilizikunjua kidogo tu, ganda la plastiki likavunjika karibu na plagi kama papadi. Plastiki ya zamani kwenye baridi ile! Lehemu ya upande mmoja imeachia, spika ya kushoto inakwaruza kila mwimbaji wa taarab anapopandisha sauti.

Nikapiga simu. Nilitaka mtu aseme pole, basi. Yule kijana akaniambia nizipigie muziki saa mia mbili zizoee. Nikamwambia, ndugu yangu, ganda limepasuka, zizoee nini? Akajibu, "Basi tatizo ni masikio yako, au hiyo amplifaya yako ya bei rahisi." Akakata.

Masikio yangu! Na ni yeye asiyejua anachouza. Chuma kigumu cha visu kikishatiwa moto na kuzimwa, hubaki na sehemu ambayo haijageuka kuwa ngumu, na baridi kali ndiyo huimalizia. Shaba ya waya haina mageuzi hayo. Ikiwa ndani ya baridi upinzani wake wa umeme hushuka sana, kweli, lakini ikirudi sebuleni upinzani nao unarudi. Joto la chumba likipanda nyuzi kumi tu, upinzani wa shaba unaongezeka kama asilimia 4, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba udi umebadilika sauti kwa sababu hita imewashwa.

Ila haki ya mtu hailiwi. Vile visu vya randa vimetoka vizuri mno. Mwaloni mkavu ulikuwa unanilazimisha kuvinoa kila Ijumaa. Sasa zinapita wiki tatu na mbao bado inatoka laini. Kwa visu peke yake nilikuwa nimeshawapa nyota nne. Nikaiona ile waya mezani, nikafuta, nimeweka moja. Labda mbili, kwa yule fundi wa nyuma asiyeonekana, ambaye kazi ya chuma anaijua.

Waya za kaka nimezilehemu mwenyewe na kuzivika mpira mpya. Hazikwaruzi tena. Seti ya pili ya visu nimeifunga, iko mlangoni wiki ya pili sasa, na kila nikiishika naisikia ile sauti ya simu.