Mikeka ya mpira: ya jikoni, ya jimu, ya bandani na ya mahali pa kutawadhia

Assalamu alaykum watazamaji wetu wa Unguja na Pemba. Hapa mezani tuna vipande sita vya mpira wa sakafu. Vinne ni vyeusi, na kwa macho tu utasema ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Kimoja kikimwagikiwa mafuta kitavimba na kulegea, chengine mafuta hayohayo hayakifanyi kitu.

Ukienda dukani utaulizwa, "Unataka unene gani?" Swali hilo ni la pili. La kwanza ni: juu ya mpira huu kitaanguka nini? Mafuta, maji, vyuma, jua au kwato za ng'ombe? Ukishajibu hilo, aina ya mpira unaijua, na unene unafuata wenyewe.

Tuanze na jikoni, hasa jikoni za hoteli na mikahawa. Hiki kipande namba moja kimetokana na matairi yaliyosagwa, chenga zake zikagandishwa kwa gundi. Ni kigumu, bei yake nafuu, lakini kinakunywa mafuta. Kwenye kikaango cha chipsi baada ya miezi kingo zinajikunja juu, na mtu aliyebeba sufuria ya moto anajikwaa hapohapo. Jikoni tafuta naitraili, mpira wa jamii ileile inayotengenezewa mipira ya kupitishia petroli. Hiki hapa, namba mbili. Kama muuzaji hana hakika, omba kipande kidogo, kidondoshee mafuta ya kupikia, kilaze hadi asubuhi. Pakiwa pamevimba au panata, usinunue.

Chagua wenye matundu na kingo zilizochongwa mteremko. Na usinunue mkubwa sana: mkeka wa sentimita 90 kwa 150 mtu mmoja anauinua na kuutoa nje kuuosha. Ule mkubwa kuliko huo hauinuliwi, na mafuta yanakaa chini yake mpaka panya wanahamia.

Sasa msikitini, mahali pa kutawadhia. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana wazee wanaanguka hapa. Miguu mitupu, maji muda wote, na pengine marumaru zinazong'aa. Mnachohitaji ni mkeka wenye matundu mapana, na kwa chini uwe na vinundu vya kuuinua kutoka sakafuni ili maji yapite. Mpira wa chenga haufai, kwa sababu unashika maji ndani na ule wa hali ya chini unaacha weusi kwenye nyayo, kisha weusi huo unaingia kwenye mazulia. Sugua kitambaa cheupe kilichorowa mara kumi juu ya mkeka kabla ya kulipa. Kikitoka cheusi, urudishe. PVC laini ya matundu, ingawa ni plastiki na si mpira, hapa inafanya kazi nzuri na ni nyepesi kuinua, mradi isipigwe na jua, maana inakakamaa na kupasuka.

Na mkeka ukianza kuteleza, msiulaumu. Kinachoteleza ni ule ute wa kijani unaoota juu na chini yake. Uinueni angalau kila Alkhamisi, upigwe brashi kwa sabuni pande zote mbili, usimamishwe ukutani ukauke, na sakafu nayo isuguliwe.

Jimu. Kwa mashine na mazoezi mepesi milimita 8 hadi 10 zinatosha. Pale wanaponyanyua vyuma na kuvibwaga chini, usishuke chini ya milimita 20, la sivyo sakafu ya saruji itapasuka. Huku chenga za matairi ndiko kwao, hazina mpinzani kwa bei. Pima uzito: kipande cha mita moja kwa moja chenye milimita 10 kiwe karibu kilo 10. Kikiwa kilo mbili umeuziwa sponji ile ya rangirangi ya kuunganisha, nzuri kwa watoto kuchezea chumbani, lakini chuma kikikaa juu yake kinaacha shimo.

Hesabu ya mabunda, yaani mpira unaouzwa umeviringishwa, inawachanganya wengi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, na bunda lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10. Ukitandika kwa urefu wa chumba, unahitaji vipande vinne vya mita 5. Kila bunda linatoa viwili, basi mabunda mawili yanatosha na hakibaki kitu ila ukanda wa pembeni. Ukitandika kwa upana, unahitaji vipande vitano vya mita 4. Kila bunda linatoa viwili na kubakisha mita 2, kwa hiyo utanunua bunda la tatu. Chumba kilekile! Chora kwenye karatasi kwanza.

Usikate siku unayonunua. Mpira uliotoka juani kwenye gari umetanuka. Ukiukata hapo, usiku unanywea na viungo vinaachana. Ukunjue ndani ya chumba, uulaze saa 24, kisha kata kwa kisu chenye wembe mpya uliochovywa maji ya sabuni. Pitisha mara tatu au nne juu ya mstari mmoja, usilazimishe mara moja. Ukutani acha nafasi ya milimita 5 au 6, maana hewa ya kaskazi itautanua tena, na usipokuwa na pa kwenda utainuka katikati.

Bandani kwa ng'ombe wa maziwa: milimita 18 hadi 20, mpira mzito uliobanwa kiwandani, wenye mifereji kwa chini. Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita ili mkojo utoke. Mkeka ukiwekwa kwenye sakafu bapa, mkojo unatuama chini yake na ng'ombe analalia harufu hiyo usiku kucha.

Kwa kitu kinachokaa juani, uwani au kwenye boti, ulizia EPDM. Mpira huo unastahimili jua na maji ya chumvi, ila mafuta hauyawezi, kwa hiyo usiuweke karibu na injini. Na boti ya mbao usiifunike moja kwa moja: maji ya mvua yakinasa chini ya mpira, mbao zinaoza kimyakimya.

Kuna jambo moja hatulifanyii mzaha. Mkeka wa kusimamia mbele ya bodi ya umeme si mkeka wowote mweusi. Mpira mweusi una masizi ya kaboni ndani yake, na mwengine unapitisha umeme. Tafuta uliopigwa chapa IEC 61111, yaani kiwango cha kimataifa cha mikeka ya kuzuia umeme, alama ya pembetatu mbili na daraja lake. Daraja 0 ni kwa hadi volti 1,000, linatosha kwa umeme wa nyumba na hoteli. Uufute uwe mkavu na safi, maana chumvi na unyevu juu yake vinaufanya upitishe.

Mwisho, sakafu yenyewe. Kabla ya gundi, bandika nailoni ya mita moja kwa moja juu ya saruji, ziba kingo zote kwa utepe, ngoja saa 24. Ukiona matone ndani, gundi haitashika. Nyumba za Mji Mkongwe zenye sakafu ya chokaa chini msizizibe kwa mpira kabisa. Unyevu wa ardhi ukikosa pa kutokea utapanda ukutani na kubambua lipu. Na juu ya plastiki nyeupe ya sakafu msilaze mpira mweusi. Unaacha doa la manjano lililoingia ndani, halitoki kwa sabuni wala jiki.

Mwenye swali atuandikie hapo chini vipimo vya chumba, aina ya sakafu, na kitakachomwagika au kuanguka juu yake. Picha ya chumba bila ya hayo haitusaidii kumjibu.